Saa Sita ya Profesa Mogens

Niliondoka Maskati Jumatano asubuhi kwa sababu ya sura moja ya kitabu changu. Nilikuwa nimeandika maisha ya Profesa Mogens, Mdenmark aliyekulia katika duka la dawa la baba yake, akawa mfamasia Pemba, kisha Ibra, na mwisho akasomesha kemia Nizwa. Sura hiyo ilidai aliacha ufamasia baada ya kumpa mgonjwa dawa vibaya. Mchapishaji aliitaka Jumapili, nami mgonjwa mwenyewe nilikuwa sijapata kumwona.

Nizwa, kabla ya adhuhuri. Milima ilikuwa kama mkate ulioungua. Mtunza maabara, akicheka, alinisimulia kwamba profesa alipima kila kitu tena na tena, hata wanafunzi wakamwita Marra Thania, yaani mara ya pili.

Ibra, alasiri. Bi Zuleikha, mgonjwa mwenyewe, mzaliwa wa Unguja, aliitikia shikamoo yangu, akanisuta kwa wembamba wangu, kisha akaniambia.

"Dawa ya sukari. Mzungu kaniandikia kwa Kiswahili: saa sita, kabla ya kula. Mjukuu wangu Nasra, mtoto wa huku, kaisoma kwa Kiarabu, sitta, yaani saa kumi na mbili yetu. Kanipa alfajiri, akenda zake skuli. Mie nikarudi kulala bila ya chai. Waliponikuta sijitambui, mzungu akasema kosa lake. Nasra siku zile ana miaka kumi na mbili, mwanangu. Ungemfanyaje?"

Ruhusa ya kuandika hayo hakunipa. Alisema mwenye kuitoa, Nasra, yuko Sur.

Sur, Alhamisi. Nasra, sasa mwalimu wa kemia, alinimiminia kahawa. Nilimweleza wazi: ama sura ibaki na uongo, ama imtaje yeye.

"Kanisomesha miaka minne Nizwa," alisema. "Jina la ukoo wetu alilijua. Hakuniuliza hata siku moja habari ya ile dawa. Yu hai?"

Nikamjibu yu hai, mzee, kwao Denmark.

"Basi andika, na jina langu usilibadilishe. Lakini asikie kwangu kwanza."

Nilimpa nambari, nikaondoka ili ampigie.

Nilipokaribia Maskati, ujumbe wake uliingia: "Kasema alijua siku ile ile kuwa ni mimi. Kasema kosa ni lake kweli, hakuandika neno 'mchana'."

Nilikwenda kutafuta mkosaji mmoja. Sura nimeiandika upya, na wote wawili nimewaacha humo wakigombania kosa.