Antena Iliyopungua Mita Moja

Enzi zetu sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi, hakuna aliyejua kukaa. Mtoto akionekana amekaa chini mchana, mama anamshika paji la uso kuona kama ana malaria. Asubuhi shule, alasiri madrasa, na katikati ya hapo tunaruka elastiki mpaka vumbi linapanda kiunoni. Leo wajukuu wetu wamelala kwenye kochi, kinachofanya mazoezi ni kidole gumba peke yake.

Nyumbani kwetu palinukia vitu viwili: ndagala wa mama, wale dagaa wa ziwani, kwenye mafuta ya mawese, na risasi ya baba ya kuchomelea. Baba yangu, Mzee Shabani, alikuwa fundi wa redio, ila sifa yake ilikuwa antena. Si za kusikilizia taarifa. Ni za zile redio za kuitana, ambazo watu wa misheni na vituo vya afya vya milimani waliongea nazo kabla ya simu za mkononi. Ukiiona antena yenyewe unaweza kuidharau: waya wa shaba umetandazwa juu kama kamba ya nguo. Lakini lazima iwe na urefu wake kamili.

Baba alipima kwa mita ya kitambaa, ya njano, yenye urefu wa mita mbili na kichuma kidogo kwenye ncha. Anaweka kichuma mwanzoni mwa waya, anavuta, anatia alama, anahamisha, anavuta tena. Kisha anaupandisha waya kwenye nguzo mbili za uani na kutazama kipimo chake cha sindano. Sindano ikipanda, maana yake nguvu ya redio inafika kwenye waya na kurudi nyuma badala ya kutoka. Anashusha, anakata upana wa kidole, anapandisha tena. Siku nzima inapita hivyo, na sisi marufuku kupita chini. Alikuwa na neno lake:

"Waya murefu utaupunguza. Waya mufupi utaulilia."

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na mwanasesere wa gunzi la hindi aliyekosa mkanda. Siku moja baba amekwenda msikitini, nikachukua mkasi nikakata sentimita kumi za mwanzo za ile mita. Mkanda ulimpendeza ajabu, wa njano, wenye namba. Kisha nikaingiwa na woga. Nikakichomoa kile kichuma kwenye mkanda, nikakibana kwa koleo kwenye ncha mpya. Macho ya baba yalikuwa yameanza kuchoka. Alikuwa akitafuta kichuma kwa kidole, hasomi namba za mwanzo.

Juma lile kikaja kuagiza antena kituo cha afya cha juu kabisa, kwenye vilima vya nyuma ya Kanyosha. Baba alipima mara kumi, mita ishirini. Alikuwa hajaupandisha kwenye nguzo malaria ikamwangusha. Dereva wa kituo hakuweza kungoja, akauzungusha waya kwenye kiwiko akaondoka nao. Sentimita kumi, mara kumi. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, kwa kalamu, nyuma ya daftari la shule: mita moja pungufu.

Siku chache baadaye akaja muuguzi wa kituo, Dada Spès, amebeba redio mgongoni kama mtoto.

"Muzee, hii redio inasikia watu, lakini watu hawaisikie."

Baba, homa bado haijamtoka, akaifungua mezani. Akabadilisha hiki, akachomelea kile. Mimi nilikuwa napita. Naingia, natoka, nachota maji ambayo hakuna aliyeyataka. Mama akaniuliza, "We, una nini? Una mchwa ndani ya miguu?" Nikasema apana. Kila mara nilipofungua mdomo, baba alikuwa ameinama juu ya redio ile, na mdomo ulijifunga wenyewe. Dada Spès akarudishiwa redio yake, akapanda nayo mlima.

Siku ya nane tangu aje mara ya kwanza, akarudi. Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni, viatu vimejaa matope mekundu.

"Juzi mama mumoja alishikwa na uchungu, mutoto amekaa vibaya. Niliita hospitali toka asubuhi. Hakuna mutu alijibu. Wanaume walimubeba katika ingobyi, ile machela ya mabegani, mvua inanyesha. Alizalia njiani."

"Wazima?" baba akauliza.

"Wazima bote. Mungu alisaidia."

Baba akavua miwani. "Mungu alisaidia. Sisi hatukusaidia."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linaniwasha. Alikusanya koleo, mkasi, kile kipimo cha sindano, akavitia kwenye sanduku na kumwambia mama ampelekee fundi mwingine. Mkono wake umekwisha, alisema, na mutu ambaye mkono wake umekwisha asichezee maisha ya watu.

Nikakimbia chumbani, nikarudi na mwanasesere wangu.

"Baba, ni mimi."

Alikitazama kile kipande cha njano. Akachukua mita, akaisoma kwa kuibandika karibu na pua: mwanzo wake ulikuwa kumi. Nilingoja kofi. Halikuja.

"Kukata ni utoto," akasema. "Lakini siku nane, Zaituni. Ulinitazama siku nane."

Ningependelea kofi.

Kesho yake alfajiri tulipanda, yeye, mimi na Dada Spès. Tulipita Musaga maduka hayajafunguliwa, tukaiacha barabara, tukashika njia ya migomba. Baba alipumzika kila kilima, mimi sikuweza kupumzika. Juu kule alikata waya mpya kwa mita aliyoazima kwa fundi seremala, akanipa kile kipimo cha sindano nikishike.

"Macho yako ni mazuri kuliko yangu. Sema kweli unachoona."

"Iko juu, baba." Akakata upana wa kidole. "Bado iko juu." Akakata tena. "Imelala, baba! Imelala kabisa!"

Dada Spès akaita. Mikwaruzo, kisha sauti ya mwanaume kutoka hospitali, bondeni: "Nakusikia. Nakusikia vizuri, sema." Dada Spès akacheka huku analia. Baba aligeuka akaanza kuzungusha mabaki ya waya kwenye kiwiko.

Baba ametangulia, Mungu amrehemu. Siku hizi antena imefichwa ndani ya simu, hakuna anayeipima wala kuikosea. Wiki iliyopita alikuja mjukuu wangu Amuri kutoka Mutakura, nikamwomba amwandikie dada yangu, mgonjwa huko kijijini. Vidole vyake vikaruka, akaiweka simu mezani.

"Imeshaenda, bibi."

"Imeshaenda. Imefika?"

"Bibi, kaa chini. Huko mtandao umekatika, réseau ikirudi atajibu."

Enzi zetu sauti isipofika, mtu alivaa viatu akaja kukwambia. Sasa inapotea, na kila mtu ametulia. Amuri alijilaza kwenye kochi. Mimi nilizunguka meza, nikaenda dirishani, nikarudi. Kisha nikachukua kitenge changu nikatoka kutafuta gari la kwenda kwa dada.