Samaki Asiye na Kichwa

Samaki niliowapika maishani mwangu, wakifufuka wote siku moja, mto Nile utajaa hata mamba wakose mahali pa kulaza mkia. Nasema hivi ili ueleweke ukubwa wa hasira yangu. Mtu akiniambia sijui kupika maandazi nitacheka naye, maana maandazi yangu kweli unaweza kujengea ukuta. Lakini samaki, hapana.

Kazi yangu hapa Koboko, kaskazini mwa Uganda, ni kupikia watu shughuli: arusi ndogo, hitima, akika za watoto. Cheti cha mapishi nilikipatia Arua, kwenye masomo ya jioni, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, katika darasa ambalo nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu na mnene kuliko ubao. Basi wifi yangu, dada wa mume wangu anayekaa Arua, alikuwa anaoza binti yake. Akatuma habari kwamba atakuja kwangu kula chakula cha mchana, na kikimpendeza, arusi nzima nitapika mimi. Arusi ya Arua, ya mahema na watu wa mjini. Niliitaka arusi ile mpaka nikawa naiota nikiwa macho.

Siku mbili kabla hajafika, kaka yangu mdogo akapiga simu kutoka Vurra, mpakani na Congo, ambako huwasaidia madereva na karatasi za forodha.

"Dada, dereva wa lori ya barafu, ile inatoka Mombasa kwenda Congo, amenipa asante. Samaki ya bahari. Nduwaro, ile yenye pua kama upanga."

"Kubwa?"

"Mimi nimeona vipande tu. Lakini kipande moja iko kama tofali."

Vikaja Koboko ndani ya sanduku la barafu, mapande sita, kila pande unene wa vidole vitatu. Rangi yake nyeupe ya kuelekea waridi, na katikati mstari wa wekundu mzito. Ngozi laini upande mmoja. Magamba hakuna, miiba hakuna. Nilikata kona moja nikaichemsha kama tunavyochemsha samaki wetu wa moshi, nikaitafuna mpaka taya likaniuliza limenikosea nini. Kona ya pili nikaikaanga haraka kwa moto mkali. Hiyo iliyeyuka mdomoni. Nikajua: samaki huyu ukimchelewesha jikoni anakuwa kandambili.

Siku yenyewe niliyafuta mapande manne kwa kitambaa mpaka yakakauka, nikayapaka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Mawili nikayaacha kwenye barafu. Makaa ya sigiri yalikuwa mekundu, kikaango kinatoa moshi. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa kijiji cha Abuku, alikaa kwenye kigoda akinitazama kama askari anayelinda mfungwa.

"Hii moto ya dakika mbili itaivisha nini? Tia maji. Tia odi."

Odi ni karanga zilizosagwa, na kwa mama mkwe hakuna kitu duniani kisichohitaji odi, pengine chai tu.

"Mama, huyu hataki odi. Ngoja uonje."

Nikageuza mara moja tu. Juu yake ndimu, na pembeni kisra, zile chapati zetu nyembamba kama karatasi. Mama mkwe alionja, akachukua kipande kingine. Wifi yeye alikula mapande mawili mazima. Mawili. Nilihesabu kwa macho yangu. Akajilamba vidole na kusema, "Wifi, mkono yako iko na baraka. Arusi ni yako." Mume wangu akanikonyeza. Nilikuwa juu ya mawingu, nikitafuta mahali pa kuweka sufuria.

Kisha akasema, "Sasa niletee supu ya kichwa."

"Kichwa hakuna, wifi. Alikuja hivi, vipande."

"Samaki gani hapana na kichwa?"

Akainuka kwenda jikoni mwenyewe, akafunua sanduku la barafu. Akarudi ameziba mdomo kwa ukaya.

"Magamba hakuna. Mwiba hakuna. Rangi ile." Akamtazama kaka yake, si mimi. "Mke yako ametulisha nguruwe."

Nilicheka. Ndilo kosa langu. Nilicheka kwa sababu nilidhani ni mzaha, na yeye akachukua kicheko changu kuwa ushahidi. Akasukutua mdomo uani kwa maji ya pipa zima, akaondoka bila kuaga, akapita sokoni akisimulia, kisha akapanda gari la Arua.

Kabla ya alasiri soko lote la Koboko lilijua, na nadhani na mbuzi wa soko pia. Mimi huazima watu sufuria zangu kubwa wakiwa na shughuli, na siku ile zilikuwa nje katika nyumba tatu. Zikarudi zote pamoja, hakuna aliyeingia ndani, zimewekwa mlangoni kama maiti wa kuokotwa. Nikazitazama. Zilikuwa zimesuguliwa kwa udongo. Mnajua maana yake: najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Majirani ambao nimewapikia hitima za wazazi wao waliziosha sufuria zangu mara saba ndipo wazishike kunirudishia.

Mume wangu akasema, "Ngoja kidogo. Maneno itapoa."

Nikamwambia maneno si uji.

Nikachukua pande moja bichi katika bakuli, nikaenda nalo kwa kina mama wanaouza samaki wa moshi. Nikamwekea mmoja puani. "Nusa. Sema mbele ya wenzako."

Akanusa. "Harufu ni ya samaki."

"Basi?"

"Lakini hii ngozi, dada... hii ngozi mimi hapana jua."

Wengine wakatazama pembeni, wakapanga upya samaki waliokwisha kupangwa. Miaka yote ile nanunua kwao. Nilirudi nyumbani natembea kwa nguvu hata vumbi likanipisha njia. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akajinusa vidole vyake.

"Mimi nimekula samaki kabla baba yako hajazaliwa. Hii ni samaki. Kaanga yenye imebaki."

Tukakaa wawili, tukala mapande yote mawili, mlango wazi, kila mpita njia aone. Nilikula nikiwa na hasira mpaka sikumbuki ladha.

Siku ya tatu kaka akampata dereva kwa simu. Dereva akatuma picha: samaki mzima kwenye sakafu ya bandari, mrefu kuliko mlango wa msikiti, upanga umemtoka puani. Nikaenda Arua na kaka yangu hadi nyumbani kwa wifi. Akaitazama picha. Kaka akampigia dereva, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama," dereva akasema kutoka huko barabarani. "Huyo ni nduwaro, samaki wa bahari. Kula, usiogope."

Wifi akashusha pumzi. "Haya. Kama dereva amesema."

Dereva. Mtu ambaye wifi hajui hata uso wake. Mimi niliyemwosha mama yake miguu, niliyempikia yeye mwenyewe akiwa na uzazi, neno langu halikufika uzito wa sauti ya mgeni inayokatika-katika ndani ya simu.

"Basi wifi, maneno imeisha," akasema. "Arusi iko Jumamosi. Utapika?"

"Mwite dereva apike."

Kaka akanikanyaga mguu. Wifi akacheka, akidhani natania. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa bado naitaka arusi ile, na hilo nalo lilinitia hasira.

Nilipika. Watu wa Arua walikula mpaka vifungo vikaomba msamaha. Nilinunua mputa, yule sangara mkubwa wa Nile, na kichwa chake kilikuwa kama kigoda. Nikakipika kizima, macho na meno yake, nikakibeba mwenyewe mpaka kwenye mkeka wa wifi. Wanawake wakapiga vigelegele: mpishi amemheshimu mama wa bi arusi. Wifi akatabasamu kwa watu, kisha akaniinamia.

"Umeniletea mimi hii kwa nini?"

"Usipate taabu ya kwenda jikoni kutafuta."

Tabasamu likabaki usoni, macho yakashuka. Hakusema samahani. Alikila kichwa kile chote, polepole, hata akanyonya mifupa, na mimi nikasimama pale mpaka akamaliza.

Tangu hapo nimeitwa kwenye arusi nyingi za Arua. Majirani wanaazima sufuria zangu kama zamani. Lakini ile kubwa kuliko zote ina udongo ulioganda kwenye misumari ya mpini, mahali ambapo kidole hakifiki. Nimejaribu kijiti, nimejaribu sindano. Kila nikiiosha nauona.