Balozi Hulala Hotelini

Ilitangazwa rasmi, mbele ya wafanyakazi wote wa Hoteli ya Mkungu hapa Malindi, alasiri moja ya Septemba mwaka 1986, kwamba mfanyakazi anayepelekwa Ulaya ni balozi wa taifa lake. Kwamba heshima ya balozi huanzia pale anapolaza kichwa. Na kwamba, kwa sababu hizo mbili, balozi hulala hotelini, halali kwa watu. Afisa wa utalii aliyeyasema hayo aliyarudia kwa Kiingereza ili yazidi kuwa kweli, kisha akaimaliza soda yake.

Balozi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni, trei mkononi. Jina lake Lewa, mwenyeji wa Ngomeni, mhudumu wa meza tangu hoteli ile ilipokuwa na vyumba vichache na jenereta moja lenye kiburi. Wakala wa Torino aliyekuwa akiwaleta Wataliano kila msimu alikuwa ameamua kumwalika mhudumu mmoja akauone mji wao kwa siku tano, na wageni walipoulizwa wamtaje nani, wengi walimtaja Lewa. Wengine walikuwa wamesahau jina wakaandika "yule mrefu". Hoteli haikuwa na mrefu mwingine.

Wakala alimpa achague mwenyewe pa kulala, akatuma vijitabu vya hoteli tatu. Jedida wa mapokezi, binti wa bara aliyeipenda kazi yake kiasi cha kusoma hata maandishi madogo, alivitandaza juu ya kaunta saa ya mapumziko.

"Hii iko karibu na stesheni, mzee. Hii iko kwenye uwanja mkubwa, katikati ya mji. Hii ya tatu iko kando ya mto, ina bustani. Unapenda ipi?"

Lewa alivitazama kwa muda. Cha kwanza kilikuwa na picha ya kitanda. Cha pili kilikuwa na picha ya ngazi. Cha tatu kilikuwa na picha ya farasi wa shaba ambaye, ukimtazama vizuri, hakuwa wa hoteli bali wa serikali. Lewa hakushangaa. Hoteli yake mwenyewe ilipigwa picha siku maji yamejaa, miezi ambayo mto Sabaki haujateremsha udongo wake baharini, na kila mwaka alikuwa akiwapokea watu waliokuja kuitafuta ile picha.

"Chukua ya stesheni," akasema Gerishom Musembi, mtunza stoo, aliyeteremka kutoka Machakos zamani na ambaye kwake kila safari ilikuwa ni suala la kutopotea. "Ukipotea, unauliza stesheni. Kila mtu anaijua stesheni. Bustani utaiuliza kwa nani?"

"Lakini katikati ya mji ndiko kuna mambo," akasema Jedida.

"Mambo gani? Mtu wa miaka hamsini na moja anatafuta mambo?"

Ukweli ni kwamba Lewa hakuwahi maishani mwake kuchagua pa kulala. Alikuwa amefika Mombasa, Lamu, na mara moja Nairobi, na kila safari nyumbani hakuulizwa, mji ule una nini? Aliulizwa, mji ule tuna nani? Mombasa walikuwa na binamu. Lamu walikuwa na mtu aliyeoa kwa kina mke wa Lewa. Nairobi walikuwa na shemeji aliyewalaza watu sita chumba kimoja na akaona haya kwamba hawakuwa saba. Mji usio na mtu ulikuwa mji wa kupita, na mji wenye mtu ulikuwa na malazi hata kama mtu mwenyewe hakuwa nayo.

Na Torino walikuwa na mtu. Hapo ndipo kijitabu kilipokuwa kigumu kusomeka.

Alikuwa ni Signora Ottavia, mjane wa mwalimu wa muziki, bibi mfupi mwenye fimbo, aliyekuja Malindi kila Januari na kuketi meza ile ile. Mwaka wa themanini na mbili Lewa alimpeleka Ngomeni akawaone watu wa nyumbani. Mvua ikanyesha, barabara ikawa uji, gari likakataa kurudi. Signora akalala kwa Lewa, juu ya kitanda cha kamba cha Lewa na mkewe Kahonzi, nao wakatandika mkeka jikoni. Asubuhi alikula muhogo na samaki, akajifunza kusema hodi na marahaba, na alipokuwa akipanda gari alimshika Lewa mkono akasema: siku ukifika Torino, ole wako ulale pengine.

Neno hilo alilirudia kila mwaka. Lakini wageni wa Malindi wote husema hivyo. Musembi peke yake alikuwa amekaribishwa katika miji saba ya Italia na kijiji kimoja cha Uswisi.

"Ndugu yangu," Musembi akamwambia walipobaki wawili, "neno la mgeni siku ya kuondoka ni kama ile sabuni ndogo ya chumbani. Ni bure, inanukia, na haimalizi wiki. Ukienda kuligonga mlangoni kwake utaliharibu. Leo una rafiki. Ukimbana, huna."

Hilo ndilo lililomkosesha Lewa raha. Akilala hotelini, atakuwa amempita mlangoni mtu aliyelala kitandani mwake; kwa watu wa Ngomeni hilo lilitosha kuvunja udugu. Akienda, naye akakuta maneno yalikuwa maneno tu, basi yote ya meza ile, salamu zote, na Januari zote zilizobaki, zitakuwa zimeingia doa. Alimpenda yule bibi. Hakutaka kujua jambo baya juu yake.

Jumapili alimweleza Kahonzi. Kahonzi alikuwa akipepeta mchele na hakuacha kupepeta.

"Baba Kambi, huyo mama alilala wapi hapa?"

"Kitandani."

"Kitanda cha nani?"

"Chetu."

"Sasa swali ni lipi?"

"Afisa amesema balozi hulala hotelini. Na huenda mama alisema tu."

"Kama alisema tu, tujue. Nenda kwake kwanza. Akikukaribisha, umekaribishwa. Asipokukaribisha, hoteli haijaondoka."

"Musembi anasema nimwandikie kwanza barua, nimwulize."

Kahonzi sasa aliuweka ungo chini. "Umwulize kama unaweza kulala kwake? Hiyo si barua ya kuuliza, hiyo ni kumpa mtu nafasi ya kutafuta udhuru. Mwambie Musembi kwao Machakos waandikiane. Sisi tunapiga hodi."

Kwa hiyo Lewa alichagua hoteli ya stesheni, kwa kumridhisha Musembi na Afisa kwa pamoja, na Kahonzi akamfungia mzigo wa kwenda kwa Signora: korosho za kukaanga, chupa ya achari ya maembe, na mfuko wa chumvi ya mawe kutoka Gongoni, alikofanya kazi ndugu yake Lewa aitwaye Randu. Signora alikuwa ameisifu chumvi ile alipokuwa Ngomeni, na kwa Kahonzi kitu kilichosifiwa mara moja kilikuwa tayari ni deni. Forodha ya Roma iliutazama mfuko ule kwa muda mrefu kuliko inavyostahili chumvi. Askari mmoja akaionja, akawageukia wenzake, akawaambia ni chumvi.

Torino ilikuwa na baridi ya Novemba. Lewa alikuwa amevaa koti lililosahauliwa hotelini na Mjerumani mpana, na ndani yake palibaki nafasi ya mtu wa pili. Aliacha begi lake hoteli ya stesheni, akachukua mzigo wa Kahonzi, akaenda kwa miguu huku akionyesha watu anwani, mpaka akafika.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa tano, mlango wake mkubwa kama wa ngome, umefungwa. Ukutani kulikuwa na bamba la shaba lenye majina na vitufe. Lewa hakuwa mshamba wa vitufe. Hoteli yake ilikuwa navyo. Alisoma majina kwa utaratibu akalipata la Signora, nalo liko juu kabisa. Akanyoosha kidole, kisha akakirudisha. Jina la mtu mzima, aliyemzidi umri, mjane, limeandikwa vizuri namna ile, na yeye alibonyeze kwa kidole barabarani kama anayepima embe limeiva? Aliona haingekuwa adabu.

Akarudi nyuma hatua chache, akasafisha koo, akaita.

"Hodi."

Aliita kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake, si ya mnadi samaki. Akangoja. Tramu ikapita.

"Hodi."

Mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara akatoka akasimama mlangoni, unga mikononi. Lewa akamwinamia kichwa kwa salamu, naye akainamisha chake. Juu, madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Hodi," akaita mara ya tatu, na hiyo aliivuta kidogo.

Pwani yetu kila mtoto anajua hesabu hiyo, awe wa msikitini, wa kanisani, au wa kaya za mababu. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, mwenyewe hayupo, au yupo na ana sababu zake, na sababu zake si zako. Unaondoka bila kinyongo na hurudii. Lewa aliuinua mzigo wake, akarudi stesheni.

Hoteli ilikuwa nzuri. Kitanda kilitandikwa kona zimekunjwa vile vile alivyokuwa akiona kwao, bomba la maji ya moto lilitoa maji ya moto, na hakuna aliyemwuliza ametoka wapi wala kwao hawajambo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa na koti lake, mfuko wa chumvi magotini. Sasa alikuwa amejua. Alipanga atakachomwambia Kahonzi: kwamba mama alikuwa amesafiri. Na Januari atamwekea Signora meza yake, atamletea papai lake na ndimu, na hatataja Torino. Bibi wa watu hakuwa amekosa. Alisema neno zuri siku ya kuondoka, na ni yeye Lewa aliyelibeba mpaka huku kwenye baridi.

Asubuhi alishuka kula. Mhudumu, kijana mwenye haraka, aliacha sahani chafu kwenye meza ya jirani, na Lewa alizivumilia kadiri alivyoweza. Alikuwa amesimama anazipanga, kubwa chini, ndogo juu, vijiko upande mmoja, aliposikia kutoka mlangoni:

"Hodi, hodi, hodi."

Zilitoka zote tatu kwa mkupuo, bila nafasi ya kuvuta pumzi, kama mtu anayebisha kwa fimbo. Na kweli fimbo ilikuwepo. Chumba kizima kiligeuka kumtazama bibi mfupi mwenye kofia.

"Karibu, mama," akasema Lewa, sahani mkononi. "Shikamoo."

Signora Ottavia hakuitikia marahaba. Alikuja mpaka mezani, akaanza kwa Kitaliano, akamalizia kwa Kiswahili chake cha Malindi, kilichokuwa kichache lakini hakikuwa na woga.

"Wewe ulikuja kwangu jana."

"Nilikuja, mama."

"Ukaita chini, mlangoni."

"Mara tatu."

"Mimi nakaa juu kabisa. Sikio hili limekufa. Dirisha limefungwa. Ukaita mara tatu, ukaondoka?"

"Ndiyo desturi, mama. Zaidi ya tatu ni usumbufu."

"Muuza mikate ananiambia, Signora, jana kuna mwanamume mrefu sana, koti kubwa sana, ameuamkia mlango wako kwa adabu, akaondoka na huzuni. Nani mwingine duniani anauamkia mlango wangu? Nimempigia simu wakala, nimemtoa kitandani, ameniambia uko hapa." Akaketi, kwa sababu hasira ilikuwa imemchosha. "Kwa nini uko hapa?"

Lewa alimweleza kuhusu Afisa, na balozi, na pale balozi anapolaza kichwa. Signora alisikiliza kwa sikio lililokuwa hai.

"Kahonzi alilala wapi usiku ule wa mvua?"

"Chini, mama. Jikoni."

"Na wewe?"

"Chini."

"Basi lete begi."

Akalileta. Walipofika kwenye ule mlango mkubwa Signora alitoa ufunguo, lakini Lewa alisimama pale pale kando ya barabara, hakuingia mpaka alipoita hodi, na bibi, akiwa ameshikilia mlango kwa mgongo, akalazimika kumwitikia karibu mbele ya mwoka mikate na wateja wake. Marahaba yake aliipata ghorofa ya tatu, walipopumzika.

Alilazwa katika chumba cha marehemu mwalimu, chini ya picha ya mwalimu mwenyewe akiwa na zeze la kizungu, akafunikwa blanketi nne. Mji waliuona kidogo. Magoti ya Signora na koti la Lewa havikupenda upepo. Zaidi walikaa jikoni. Alipika yeye, akapika Lewa, wakabishana juu ya nyanya, na chumvi ya Gongoni iliwekwa katikati ya meza kwenye bakuli la wageni. Siku ya kuondoka Signora alimfungia Kahonzi shuka mbili za kitani, akasema ni za kitanda kile cha Ngomeni.

Aliporudi Malindi, Afisa alimwita ofisini akamwuliza hoteli ilikuwaje.

"Nzuri sana, bwana," akasema Lewa. "Maji ya moto yapo asubuhi na jioni."

Afisa akaridhika, akaandika.

Machi iliyofuata Afisa mwenyewe alitumwa Torino kwenye maonyesho ya utalii. Signora Ottavia alimwandikia Lewa kwamba mgeni aliyemwelekeza kwake amefika salama, ni mtu mpole, anapenda mchuzi, na kwamba kochi la sebuleni limekuwa fupi kwake kidogo, lakini kile chumba cha blanketi nne amemweleza kina mwenyewe.