Nani Alikuwa Anamwagia Maji Nondo Yangu?

Wiki niliyolala na malaria, kuna mtu alikuwa akimwagia maji nondo yangu.

Niliporudi dukani hapa soko la Kabati nilikuta udongo umelowa chapachapa. Kiangazi hiki, jamani!

Mimi, Kavindu, ni fundi wa simu. Kabla ya kuchomelea navaa mkanda wenye waya mkononi, na waya unapita dirishani hadi kwa nondo ya chuma niliyoichimbia nje. Mwili hubeba stimu kidogo, yaani umeme, hasa ukivaa sweta wakati wa ukavu. Ukigusa simu iliyofunguliwa, cheche usiyoiona inaua chip. Waya unaipeleka stimu hiyo ardhini. Udongo mkavu hauipokei vizuri, kwa hivyo kila asubuhi naumwagia maji.

Lakini hapa kwetu ukionekana unamwaga kitu chini asubuhi, peke yako, hakuna anayekuuliza.

"Kavindu analisha mizimu ya nyanya yake," wakasema.

Wenzangu wa kwaya wakaanza kuvuka barabara wakifika kwangu. Wateja waliacha simu mezani bila kuketi. Kanisani benchi likawa langu pekee.

Iliniuma, sitadanganya. Kuna siku nilikuwa nawasha redio nisikie tu mtu akiongea.

Sasa nani alikuwa ananimwagia? Wa kumuuliza sikuwa naye. Nikakaa dirishani, mlango ukiwa bado umefungwa, nikangoja.

Akaja Mama Mbaluka, mjane anayeuza ndengu jirani yangu, na jagi la maji. Akamwaga polepole, mchana kweupe, soko lote likitazama.

Nikavunjika moyo. Hata huyu anaamini!

Nikatoka. "Mwaitu, mama yangu, hapo hakuna mizimu. Ni waya ya stimu tu."

"Kwani mimi ni mjinga? Si uliniambia hiyo maneno wakati ulitengeneza redio yangu?"

"Sasa mbona unamwaga?"

Akaweka jagi chini.

"Walikuwa wanasema mizimu imekushika, ndio maana hufungui. Nikaona nikimwaga pia mimi, wataniogopa. Tangu mzee wangu aende, hakuna mtu anakuja kwangu. Afadhali tuogopwe tukiwa wawili."

Nililia pale pale nje, bila aibu.

Wewe unayesoma hii, jirani yako akitengwa, usimtumie meseji ya pole ukiwa umejificha kwako. Nenda ukasimame naye mchana, watu wakiona.