Siku Niliyomnyoa Lokwang

Nilimnyoa mbwa. Basi, nimesema. Nilimnyoa mchana kweupe, hapa Lodwar, kwa makasi ya mama ya kukatia magunia, na nikajipongeza.

Sasa niko kidato cha tatu, lakini nikinusa mbwa aliyelowa, mguu wangu unaanza kucheza chini ya dawati na narudi darasa la tatu. Lokwang akiingia mtoni alinuka siku mbili, maana hakukauka upesi. Alikuwa komondor, mbwa wa kulinda mifugo wa huko Hungaria. Sidhani Turkana nzima alikuwa na mwenzake. Nywele zake nyeupe zilijisokota kamba kamba mpaka chini. Akilala, ungedhani mtu amesahau mopu. Daktari mmoja wa mifugo alipomaliza kazi Kakuma alimwachia mama, akamwonyesha jinsi ya kuzitenganisha zile kamba kwa vidole zisishikane zikawa blanketi. Kila Jumapili mama alikaa naye kutoka ibada mpaka chai. Kichwa changu mimi kilipewa dakika tano na wembe.

Sasa, kwetu joto likizidi, mtoto ananyolewa. Likizo moja mama alikuwa ameenda Kakuma kuuza samaki, Lokwang anahema ulimi nje, nikamhurumia. Alitulia kabisa nikimkata. Nafikiri alidhani ni Jumapili.

Dada yangu Akiru alitoka jikoni, akamwangalia, akamsalimia kwa heshima: "Ejok. Wewe ni kuku wa nani?"

Tulicheka mpaka kesho yake. Jioni ya siku hiyo ya pili mbwa alirudi mgongo mwekundu, umejaa malengelenge. Alikuwa amewafuata mbuzi juani kama kawaida. Mbwa wa aina ile hangoji kutumwa. Nikaanza kuzunguka kama niliyekalia siafu. Nikimvuta ndani, anarudi zizini. Nikajaribu kumfungia kamba zake kwa uzi, zikaanguka. Nilienda stendi mara nne kuangalia gari la Kakuma, nikiomba lifike, halafu nikiomba lisifike.

Maana upande wa laga, ule mto mkavu, kulikuwa na fisi, na kabla ya Lokwang walikuwa wametumalizia nusu ya mbuzi. Mimi nilidhani zile nywele ni urembo tu. Baadaye sana ndipo nilielewa kwamba zilimkinga jua, na kwamba fisi akimng'ata, meno yanaishia kwenye kamba. Tena zinachukua kama miaka miwili kurudi. Mama alikuwa anajua yote hayo aliposhuka kwenye gari.

Hakupaza sauti. Alimpaka mafuta ya kondoo mgongoni, polepole, kisha akaniambia nivue shati. Nikavua, nikakaza mgongo kungoja kiboko. Akamvalisha Lokwang, akafunga vifungo vyote. Halafu akasema, neno moja moja:

"Huyu atakaa nyumbani mpaka nywele ziote. Mbuzi utaenda nao wewe. Na usibebe fimbo. Yeye hakuwa nayo."