Mikono Juu ya Kichwa cha Binti

Ijumaa jioni, kwenye mgahawa mmoja pale Mbalizi, niliona jambo nikasahau wali wangu. Meza ya jirani alikaa mama mmoja mgeni na binti yake. Kabla hawajala, mgeni akawasha mishumaa, akamwekea mtoto mikono yote miwili kichwani, akawa ananong'ona.

Mama mwenye mgahawa akasimama na upawa wake. "Mtoto anaumwa, dada?"

"Hapana, nambariki," mgeni akajibu kwa Kiswahili cha taratibu. "Sisi Wayahudi kila Ijumaa tunawaombea mabinti wawe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Ni bibi zetu."

"Bibi zenu kabisa! Sisi tunawasikia kanisani tu!"

Hapo hapo akafuta mikono kwenye khanga, akamwita bintiye aliyekuwa akifanya hesabu za shule mezani. Akamshika kichwa. "Mungu akufanye kama..." Akakwama. Mgahawa mzima tukaacha kutafuna.

"Kama bibi yako wa Ubaruku! Shemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba la mpunga, akakaa katikati ya jaruba mpaka wakaondoka wenyewe!"

Binti akafumbua macho. "Yule mkali?"

"Huyo huyo!"

Tulipiga makofi meza zikatikisika. Maana kwetu binti akitajiwa bibi au shangazi mkali, mara nyingi ni kuonywa asije akafanana naye.

Nikawahi nyumbani, baraka zimenijaa mdomoni. Binti yangu alipoona mikono yangu inakuja kichwani kwake, akajikinga.

"Baba, nimefanya nini?"