Ukoo Wetu wa Kiingereza

Baba yangu alikuwa Mwingereza. Alikuwa mweusi kuliko mimi, hakuwahi kuvuka ziwa hata kufika Mwanza, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu ya asubuhi. Lakini jina letu la ukoo lilikuwa Cook, na kwake ushahidi huo ulitosha. Pale kijijini kwetu Kimuli majirani walikuwa na majina ya Kinyambo, na waliotoka Rwanda na Burundi walikuwa na ya kwao. Sisi peke yetu tulibeba la kizungu. Na kwa kuwa ndimi za kwetu hazipendi kumaliza neno bila irabu, kijiji kizima kilituita Kuku.

Baba alisema hao ni watu wasiosoma. Kwa maelezo yake, babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, alifanya kazi kwenye machimbo ya bati ya Kyerwa wakati wa ukoloni, na bwana mkubwa wa pale alimpenda mno hata akampa jina la ukoo wake, ukoo wa watu wakubwa. Wakubwa kiasi gani, hilo lilitegemea rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kibuyu cha kwanza walikuwa machifu. Cha pili kikiisha, walikuwa binamu za malkia.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni karibu na Bugene, alipoletwa mwalimu kijana kutoka Uingereza. Siku ya kwanza aliandika jina lake ubaoni. Lilikuwa letu. Alipoita mahudhurio na kunifikia, alisimama.

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia, mwalimu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi, kwa kukosa busara, niliandika barua nyumbani.

Likizo ilipofika baba alikuwa amekwisha kumwalika. Alichinja mbuzi, akavaa koti zito la harusini kwenye jua la saa saba, akawaita majirani waje washuhudie. Mwalimu alifika kwa baiskeli, mwekundu kwa vumbi la njia nzima, akakalishwa kwenye kiti chetu pekee chenye egemeo.

"Karibu nyumbani, ndugu yangu," baba akasema, nami nikatafsiri. "Hawa watu hawajui ukoo wetu ulikotoka. Waeleze."

Mwalimu hakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo penye tatizo. Alieleza kwa furaha. Alisema zamani kwao kila mtu alikuwa na jina moja tu. Vijiji vilipojaa watu wa majina yaleyale, wakaanza kutofautishwa kwa kazi zao: mhunzi akaitwa Mhunzi, mfinyanzi akaitwa Mfinyanzi. Watoto wakarithi jina hata kama kazi hawaijui. Yeye mababu zake, alisema, huenda walikoroga chungu cha tajiri fulani.

"Amesemaje?" baba akauliza.

"Amesema ni jina la kazi."

"Kazi gani? Uaskari?"

"Upishi."

Kwetu wakati huo mwanamume akionekana jikoni, majirani walimuuliza mkewe kama anaumwa. Hakuna aliyecheka. Walitazama chini kwa heshima, na heshima ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Aliyecheka ni bibi, mama yake baba, kutoka kwenye mkeka wake.

"Sasa mwanangu, unashangaa nini? Baba yako si alikuwa mpishi kule machimboni? Karani alimuuliza jina, akalitaja, karani akashindwa kuliandika. Akamuuliza kazi, akaandika hiyo kwa Kiingereza. Hata fundi seremala alimfanya hivyohivyo. Wajukuu zake wako Kiruruma, wanaitwa Kapenta."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unatueleza."

Baba alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alipika vizuri, basi?"

"Aliunguza. Ndiyo maana walimrudisha."

Mwalimu alitaka kujua, nikamtafsiria. Aliinuka, akampa bibi mkono, akasema sasa anaamini kweli sisi ni ndugu, kwa sababu mama yake naye huunguza hata maji. Hapo majirani walipata ruhusa ya kucheka, na baba, akiwa hana pa kukimbilia, akacheka nao. Mbuzi aliliwa mpaka mifupa. Alipikwa na mama, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina la kazi hiyo.

Baadaye baba alikwenda ofisi za wilaya, Kayanga, kutaka kurudisha jina la babu la Kinyambo. Karani wa ofisini akamtaka alete kiapo, mashahidi wawili, na karatasi yoyote ya zamani yenye jina hilo. Baba alirudi akisema serikali haiko makini, na mimi nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa Cook.

Miaka ya tisini ilipoanza, ukoo wetu ulikuwa umeshapata historia mpya. Mfalme wa Uingereza, baba aliwaeleza wageni, hakuweza kula chakula cha mtu asiyemwamini. Hivyo aliyekuwa akitawala nchi kwa kweli ni mpishi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya ndizi.